Moto wa Jikoni na Mfuko wa Kaya

Mada ya mikutano ya wananchi wa kata kuhusu kupunguza gharama za nishati nyumbani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo huelekezwa zaidi kwa wenye maduka, lakini hakuna mahali inapostahili kusikika kama jikoni. Katika kaya nyingi za Kilosa na Mikumi, fedha ya nishati hutoka kwa njia tatu. Umeme hununuliwa kwa simu, na ujumbe wa LUKU hubaki kuwa kumbukumbu. Gesi hununuliwa kwa mtungi, na siku ya kubadilisha mtungi haisahauliki. Mkaa hununuliwa kwa kopo: leo moja, kesho mawili, kwa chenji iliyorudi sokoni, wala hakuna anayeandika. Ndiyo maana gharama za nishati zinapozungumzwa, lawama ya kwanza huwa ya umeme, ilhali huenda fedha kubwa zaidi imekwisha kuondoka kopo kwa kopo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya inayotumia shilingi 2,000 kwa mkaa kila siku hutumia shilingi 60,000 kwa mwezi na shilingi 720,000 kwa mwaka. Kila kaya iweke hapo kiasi chake yenyewe, kiwe kidogo au kikubwa, kisha izidishe kwa siku thelathini. Wengi watashangaa. Na mshangao huo ndio mwanzo wa kuokoa, kwa kuwa mtu hawezi kuziba tundu asilolijua.

Mada hii ina jambo moja kuu la kusema: sehemu kubwa ya fedha ya nishati nyumbani hugeuka kuwa joto. Taa, redio na simu hutumia kidogo. Kinachokula ni kupika, kuchemsha maji, kupiga pasi na kugandisha barafu, kwani hata friji kazi yake ni kuliondoa joto ndani na kulitupa nje. Kwa hiyo anayetaka kupunguza gharama aanze pale joto linapotengenezwa na pale linapopotea bure.

Kuijua bei ya uniti

Wananchi wengi hununua umeme bila kujua wamo katika kundi gani la bei. Kwa mujibu wa bei zilizoidhinishwa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa nyumbani, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi. Anapovuka hapo, kila uniti inayofuata ni shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, aliye katika kundi la T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti tangu ya kwanza. Juu ya bei hizo kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, mchango wa umeme vijijini wa asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1.

Kwa viwango hivyo, uniti moja ya D1 humfikia mwananchi kwa shilingi 122. Uniti ya T1 humfikia kwa takriban shilingi 356. Na uniti ya sabini na sita ya mteja wa D1 humfikia kwa shilingi 427, yaani mara tatu na nusu ya ile ya sabini na tano. Hapo ndipo siri ya LUKU ilipo. Kaya mbili zinazopakana, zenye taa zilezile na runinga ileile, zinaweza kununua umeme wa shilingi 5,000 siku moja na kupata idadi tofauti kabisa ya uniti. Aliyepunjika si lazima awe ameibiwa. Huenda yumo katika kundi jingine, au amevuka kikomo cha mwezi.

Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa kidogo kidogo kila mwezi kupitia ununuzi wa LUKU. Mwananchi anaponunua umeme mwanzoni mwa mwezi na kupata uniti chache kuliko alivyozoea, asome ujumbe wake mpaka mwisho kabla ya kukasirika: makato yote yameandikwa humo. Asiyejua kundi lake aende na namba ya mita yake katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu naye aulize. Mwenye matumizi madogo anayelipa bei ya T1 ana sababu njema ya kuulizia utaratibu wa kuhamia D1, na aliye D1 ana sababu njema zaidi ya kuilinda nafasi yake, kwa maana anayezidisha matumizi mwezi baada ya mwezi huweza kuhamishwa.

Uniti 75 zinatosha nini?

Ichukuliwe kaya ya watu sita iliyomo katika D1. Taa tano za LED za wati 9, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia karibu uniti 7 kwa mwezi. Runinga ya wati 60 na king'amuzi chake, vikiwashwa saa tano kwa siku, hutumia kama uniti 10. Friji ndogo inayotumia uniti moja kwa siku humaliza 30. Pasi ya wati 1,000 inayowashwa saa moja kwa wiki huchukua 4. Jumla ni uniti 51. Zimebaki 24.

Sasa kaya hiyohiyo ibadilishe jambo moja tu, irudishe taa za zamani za wati 60. Taa tano kwa saa tano kila usiku ni uniti 45 kwa mwezi badala ya 7. Zile 24 zilizobaki zimeteketea zote, na kikomo kimevukwa kwa uniti 14 zinazolipiwa shilingi 427 kila moja. Balbu iliyoonekana rahisi dukani imekuwa ghali ukutani.

Swali linalofuata ni hili: uniti 24 zilizobaki zifanye nini? Wengi hawatataja kupika, kwa sababu imeshikwa imani kwamba kupikia umeme ni anasa ya matajiri. Imani hiyo ina ukweli kwa jiko la koili. Jiko la sahani moja la wati 1,500, likiwaka mfululizo kwa saa mbili kuivisha maharage, hutumia uniti 3. Likitumika hivyo kila siku, hizo ni uniti 90, na kikomo kimevunjika kabla taa haijawashwa.

Lakini jiko la umeme la presha halifanyi kazi namna hiyo. Sufuria yake imezungushiwa ukuta unaozuia joto, na kifuniko chake hubana mvuke. Maji yaliyobanwa huchemka kwa joto kubwa zaidi ya nyuzi 100, hivyo chakula huiva upesi. Likishafikia presha, jiko hujizima lenyewe na kujiwasha kwa vipindi vifupi tu. Chungu cha maharage kwa kawaida huhitaji karibu nusu uniti. Kwa bei ya D1 hiyo ni shilingi 61. Kwa bei ya T1 ni kama shilingi 178. Kila mama na kila baba apimaye mkaa wa kuivishia maharage alinganishe mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, uniti 24 zinatosha vyungu 48 vya vyakula vigumu kwa mwezi: maharage, makande, nyama, kunde. Kaya inayotumia feni ya wati 60 kwa saa sita kila siku, kama ilivyo kwa wengi Mikumi wakati wa joto, itoe uniti 11. Bado vyungu 26 vinabaki, karibu kimoja kila siku. Jiko hilo lina bei yake dukani, nalo halisongi ugali wala halichomi mahindi. Lisitazamwe kama mbadala wa majiko yote, bali kama chombo cha kazi moja nzito, ile inayomaliza mkaa kuliko nyingine zote. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kulinunua kwa zamu, mwanachama mmoja baada ya mwingine, kama vinavyonunuliwa vyombo vingine vya nyumbani.

Kwa anayepikia mkaa

Si kila kaya ina umeme, na si kila yenye umeme iko tayari kununua jiko jipya. Kuokoa mkaa kunawezekana leo, kwa vyombo vilivyopo.

Kwanza, jiko lenyewe. Jiko la bati tupu huwapasha joto walioketi pembeni kuliko linavyokipasha chungu. Jiko banifu, lenye kikombe cha udongo uliochomwa ndani yake, hulielekeza joto juu, na linaweza kuokoa robo hadi nusu ya mkaa likitumiwa vizuri. Likipasuka udongo lizibwe mapema, na jivu liondolewe ili hewa ipite.

Pili, kifuniko. Maji yaliyokwisha kuchemka hayaongezeki joto kwa kuchochewa moto. Yatabaki nyuzi 100 hata mkaa ukiongezwa mara tatu. Kitakachoongezeka ni mvuke unaopaa. Chungu kikishatokota, kifunikwe na moto upunguzwe kwa kuziba mlango wa jiko. Chakula kitaiva kwa muda uleule na mkaa utabaki.

Tatu, kuloweka. Maharage na mahindi ya makande yaliyolowekwa tangu jioni huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu. Maji hayana bili ya moto; yaachwe yafanye kazi usiku kucha.

Nne, kapu la joto. Kapu au boksi lililojazwa majani makavu, matambara au maganda ya mpunga huweza kumaliza kazi iliyoanzwa na moto. Wali ukishachemka na kukaribia kukauka, sufuria hufunikwa vizuri, huzamishwa ndani ya kapu na kufunikwa tena juu, utajipalia wenyewe. Maharage yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu kwa dakika 20, huwekwa kapuni saa tatu hadi nne, kisha hurudishwa motoni kidogo na kuungwa.

Tano, kuzima. Mkaa unaobaki ukiwaka baada ya chakula kuiva ni fedha inayoungua mbele ya macho. Ama upewe kazi ya kuchemsha maji ya chai na ya kuoga, ama uzimwe kwa kufunikwa katika chombo kisichopitisha hewa, utumike kesho.

Maji ya kuoga na baridi ya milimani

Kuchemsha lita moja ya maji kwa umeme huhitaji karibu sehemu moja ya kumi ya uniti. Si kitu kwa chai, lakini ni kitu kwa ndoo. Mtu anayechemsha ndoo nzima ya lita 20 hutumia uniti 2, kisha husubiri yapoe ndipo aoge. Amelipia joto alilolimwaga hewani. Ndoo hiyohiyo inahitaji lita 4 tu zilizochemka na lita 16 za maji ya kawaida, na yatakuwa vuguvugu ya kutosha. Gharama imeshuka hadi chini ya nusu uniti. Nako Mikumi na Kilosa mjini, ambako jua halina uhaba, dumu jeusi lililojazwa maji na kuachwa juani mchana hutoa maji ya moto ya jioni bila senti. Koili ya kuzamisha ndani ya ndoo isiguswe wala maji yasiguswe kabla haijachomolewa, na ndoo ya bati isitumike nayo kabisa.

Katika maeneo ya milimani kama Lumuma na Vidunda, miezi ya Juni na Julai huleta baridi, na zipo kaya zinazoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa kulala. Hapa mada inaacha fedha na kuzungumzia uhai. Mkaa unaoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala haisikii. Hulegea, na huenda asiamke. Joto la chumba litafutwe kwa blanketi la pili, kwa kuziba nyufa za mlango, kwa maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Jiko la mkaa, hata linaloonekana kufifia, lilale nje.

Vifaa vingine vya nyumbani

Friji ipewe nafasi ya kupumua nyuma yake, isikae juani wala karibu na jiko. Mpira wa mlango upimwe kwa karatasi: ikichomoka kwa urahisi mlango ukiwa umefungwa, baridi inavuja. Chakula cha moto kipoe kwanza. Wanaouza barafu na juisi kando ya barabara kuu Mikumi waiweke gharama ya umeme katika bei ya bidhaa zao, na wasiichanganye na matumizi ya familia.

Nguo zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, sare za shule za wiki nzima kwa pamoja, kwa kuwa pasi hula zaidi inapoanza kupata moto. King'amuzi kinachoachwa katika hali ya kusubiri usiku na mchana, kama kinatumia wati 10, humaliza uniti 7 kwa mwezi, sawa na taa zote tano za nyumba iliyotajwa juu.

Ikiwa uniti zinakwisha bila maelezo, vifaa vyote vizimwe na kuchomolewa, swichi kuu ikibaki imewashwa, kisha taa ndogo ya mita itazamwe. Ikiendelea kumetameta, kuna umeme unaotumika au kuvuja mahali fulani. Aitwe fundi mwenye leseni. Hitilafu ya namna hiyo hula fedha na huweza kuua.

Kwa watumiaji wa gesi, uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mnunuzi aombe upimwe kwenye mizani: mtungi wa kilo 6 uzidi uzito huo kwa kilo 6. Uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Mkaa wa Kilosa ni zaidi ya gharama

Ndugu wananchi, kuzungumzia mkaa katika wilaya hii bila kuwataja wanaouchoma kungekuwa kusema nusu ya ukweli. Kuanzia 2012, Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania, pamoja na MJUMITA na TaTEDO, kwa ufadhili wa Serikali ya Uswisi, liliendesha mradi wa mkaa endelevu katika vijiji vya Kilosa, vikiwemo Ulaya Mbuyuni, Ihombwa na Nyali. Msitu wa kijiji uligawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa mzunguko wa miaka 24, visiki vikaachwa vichipue, na matanuri yakaboreshwa. Ushuru wa mkaa huo uliingia katika mifuko ya vijiji na kusaidia huduma za jamii.

Somo la vijiji hivyo ni kwamba mkaa una thamani, na chenye thamani hakichezewi. Katika tanuri la kienyeji, kilo moja ya mkaa hugharimu kilo nane hadi kumi za kuni. Kila kopo linaloungua bure chini ya chungu kisicho na kifuniko ni mti uliokatwa mara nyingi zaidi ya inavyoonekana. Kaya inayookoa haimnyimi mchomaji riziki. Inaupa msitu wake muda wa kuchipua, ili riziki hiyo ifike kwa wanawe. Nako Mikumi, mpaka wa Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa 1964 si mahali pa kuokota kuni.

Serikali nayo imeweka mwelekeo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Moshi wa jikoni huwaumiza zaidi akina mama na watoto wanaokaa karibu na moto. Safari hiyo itaanzia katika hesabu ya kila kaya, si katika tamko.

Mwezi mmoja wa daftari

Kila kaya inaombwa kufanya jambo moja kwa mwezi mmoja. Daftari la shilingi mia chache litundikwe jikoni na kalamu yake. Kila kopo la mkaa, kila mtungi wa gesi na kila ununuzi wa LUKU uandikwe siku hiyohiyo, na aliyenunua ndiye aandike, awe baba, mama au mtoto aliyetumwa dukani. Siku ya thelathini jumla tatu zikokotolewe mbele ya familia nzima, na ile iliyo kubwa kuliko zote ndiyo ianze kushughulikiwa, kwa hatua moja: taa za LED, au kifuniko na kuloweka, au jiko banifu, au jiko la presha kupitia kikundi. Mwezi wa pili hesabu irudiwe.

Fedha itakayobaki haitakuwa ruzuku ya mtu yeyote. Ni fedha ya kaya yenyewe, iliyokuwa ikipaa na mvuke. Kila familia inajua ada, daftari la shule au dawa ambayo fedha hiyo ilikuwa ikisubiriwa.